Msumari Nyuma ya Kalenda

Shangazi yake mke wangu aliiweka ile karatasi juu ya cherehani, akaipiga kofi kama anayeua mbu.

"Saini hapa, mwanangu. Tumalize, twende zetu."

Mke wangu hakusaini. Hakukataa pia. Alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, mguu mmoja juu ya pedali, akaitazama karatasi kama kitambaa ambacho mteja amekileta bila kusema anataka kishonwe nini. Mimi nilisimama mlangoni. Viti vyote vilikuwa vimekaliwa, na hata kama kingekuwepo kingine nisingekaa. Nikiegemea mguu wa kulia, wa kushoto unawasha. Nikiegemea wa kushoto, wa kulia unaanza kucheza wenyewe.

Barua ya ofisi ya kodi ilikuwa imefika siku tatu kabla. Bahasha moja, imeandikwa mume na mke. Ilisema ritani zetu za pamoja za miaka miwili iliyopita zina pato lililofichwa. Kiwanda cha mikate kimeandika kwenye vitabu vyake kwamba kila mwezi kilimlipa fundi mizani, na fundi huyo ni mimi, na kwenye ritani zetu kiwanda hicho hakipo. Kwa hiyo tunadaiwa kodi, na faini juu yake. Na kwa kuwa tulijaza pamoja tukasaini pamoja, kila mmoja wetu anadaiwa yote. Siyo nusu kwa nusu. Wakimkosa mmoja wanamshika mwingine. Tusipolipa watakuja kuchukua vitu, na kwenye orodha ya vitu, chini ya zana zangu, waliandika cherehani moja.

Ukurasa wa mwisho wa barua ndio ulikuwa hiyo karatasi ya Shangazi. Tamko la mwenzi asiyejua. Mke anatamka kwamba alisaini bila kujua kuwa mumewe anaficha pato, na kwamba haishi naye tena nyumba moja. Akikubaliwa, deni lote linambakia mume. Mistari minne na mahali pa saini. Kumbe ndoa ya miaka kumi na moja inatosha kwenye mistari minne na nafasi inabaki.

"Wewe fundi," Shangazi akanigeukia, "unapima vya watu mpaka unga wa robo kilo. Vyako vilikushinda nini?"

"Shangazi, nimekosa."

"Anayekosa ni aliyepotea njia. Wewe uliijua njia, ukajificha kichakani."

"Ndiyo, Shangazi."

"Usiniambie ndiyo, ndiyo, kama mtu anayenunua nyama! Sema pesa ilikwenda wapi."

Nikamtazama baba mkwe wangu. Mwalimu mkuu mstaafu, amekaa wima, bakora katikati ya magoti, na macho ameyakaza usoni pangu. Macho safi, yanaona mpaka kifungo kilichokatika kwenye shati langu. Nami nikayatazama macho yale nikawaza: haya yote mawili nimeyalipia mimi.

Ndiyo. Pesa ya kiwanda cha mikate ilikwenda kwenye macho ya baba mkwe.

Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Alifika karakana yangu mchana mmoja akipapasa ukuta, akaketi kwenye kreti, akakohoa muda mrefu kabla ya kusema. Pensheni haikutosha upasuaji. Kliniki ya macho ilikubali kulipwa kila mwezi. "Lakini mwanangu asijue," alisema. "Siku ya harusi yenu nilimwambia mbele ya watu kwamba anaolewa na mtu aliyeacha shule, ambaye hatanifaa hata kunivusha barabara. Apa." Nikaapa. Mtu aliyeacha shule hana vyeti vya kuwaonyesha watu. Ana neno lake tu, nalo akilivunja habaki na kitu.

Shida ikawa mke wangu ndiye anayejaza ritani. Nina msumari kando ya mlango. Kila kazi nikimaliza, mteja anasaini hati ya malipo, nakala yangu naichomeka pale. Mwisho wa mwaka mke wangu anazishusha, anajumlisha, anaongeza mapato ya ushonaji wake, anajaza fomu. Mahali ninapotakiwa kusaini anachomeka pini. Naona pini, nasaini. Yeye anasaini chini yangu. Hatujawahi kusoma pamoja hata mstari mmoja. Tulikuwa tunajivunia jambo hilo, eti ndiyo kuaminiana.

Sasa, hati za kiwanda cha mikate angeziona angeuliza pesa iko wapi. Nikapiga msumari wa pili nyuma ya kalenda ya ukutani, nikazichomeka huko. Ofisi ya kodi sikuifikiria kabisa, na hilo naliapia. Nilikuwa namficha mke wangu. Serikali iliumia njiani.

Na mke wangu anapangusa kila kitu ndani ya nyumba, hata miguu ya meza, hata kitasa. Kalenda ile hakuigusa miaka miwili. Nilijiona mjanja.

"Gramu," mke wangu akasema.

Hilo ndilo jina aliloniita tangu uchumba, kwa ajili ya mizani na kwa ajili ya maneno yangu machache. Mimi namwita Sindano. Ni mwembamba, ana ncha, na akipita mahali mambo yanashikana.

"Gramu, pesa ilikwenda wapi?"

Mzee akakohoa.

"Siwezi kusema, Sindano."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Nililisema vibaya. Niliona neno likimwingia. Aliinamisha uso, akaondoa mguu juu ya pedali, akanyanyua mkono na kushika ukosi wa blauzi yake, mahali anapoweka pini, kama anayehakikisha kwamba bado zipo.

"Umesikia mwenyewe," Shangazi akasema. "Kuna mwanamke. Mimi nilisema siku ile ile barua ilipokuja. Pesa ya mwanamume ikipotea bila harufu ya pombe, ina harufu ya manukato."

"Hakuna mwanamke, Shangazi."

"Basi ni nini? Umenunua meli?"

Mzee akagonga sakafu kwa bakora. "Inatosha. Binti yangu, panga nguo. Karatasi inataka usiishi hapa. Jumanne tunakwenda ofisini, utaisaini mbele ya ofisa." Alisema akitazama dirisha, siyo mimi.

Sindano akapanga. Gauni tatu, kanga mbili, mkasi wake mkubwa. Mkasi ule hauachi popote. Kwenye mlango Shangazi akasimama.

"Na cherehani? Waje waikamate hapa?"

"Itakuja baadaye," Sindano akajibu.

Akapita karibu yangu. Nilisikia harufu ya chaki ya kitambaa na sabuni. Hakuniangalia, ila mkono wake ulinyoosha ukosi wa shati langu kwa haraka, kwa mazoea, kisha akashtuka na kuurudisha kama ameugusa moto. Wakaondoka. Nilibaki nikiitazama cherehani. Mtu anayekwenda moja kwa moja, nikajiambia, haachi cherehani. Nusu saa baadaye nikajiambia kwamba anaacha, kama anaona kero kuibeba. Nikazunguka meza. Nikazunguka tena.

*

Sikufanya kazi ya maana siku zile. Jumamosi muuza nyama alileta mizani yake. Niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga, nikaweka jiwe la kilo. Mshale ukapanda, ukapita, ukarudi, ukapita tena. Haukutulia. Nikaifungua mara ya pili. Mara ya nne muuza nyama akaja kuchungulia.

"Fundi, tatizo ni kubwa?"

"Mshale hautulii."

"Unaonyesha zaidi au pungufu?"

"Zaidi kidogo."

"Basi iache hivyo hivyo," akasema, "usinitie umaskini." Akacheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Hebu ondoa kiwiko chako kwenye meza."

Nilikuwa naitikisa meza mimi mwenyewe. Mguu wangu ulikuwa unacheza chini. Nilipoondoa kiwiko, mshale ukasimama palepale panapotakiwa.

"Nenda kamwone mkeo," muuza nyama akasema. "Mizani yangu ni nzima."

Nikaenda. Sindano alikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake, amekaa kwenye ngazi, anapinda pindo la sketi kwa mkono. Bila cherehani kazi ya dakika tano ilikuwa inamla saa nzima. Nikasimama upande wa pili wa uzio. Alijua nimefika. Alichomeka sindano mara tatu kabla ya kuinua macho, na alipoinua, nilisahau yote niliyokuwa nimepanga kusema njiani.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

"Muongo. Hilo shati limekuwa la mtu mwingine."

"Na wewe hujalala."

"Nalala na Shangazi. Anakoroma kama mashine ya kusaga."

Nilitaka kucheka. Naye alitaka. Tukaangaliana, kicheko kikafika nusu ya njia kikakosa mahali pa kutua.

"Niambie jina lake," akasema kwa sauti ya chini.

"La nani?"

"Lake. Huyo."

"Hakuna huyo, Sindano."

"Miaka miwili, Gramu. Pesa siyo barafu, haiyeyuki." Aliweka sketi pembeni. "Sikiliza. Ukiniambia ni mwanamke, nitalia wiki moja, halafu nitajua la kufanya. Usiponiambia, nitalia kila siku na sitajua nalilia nini. Lipi bora?"

"Unaniamini au huniamini?"

"Usinirudishie swali! Mimi ndiye nimetoka nyumbani kwangu na mkasi kwenye mfuko."

"Na cherehani ukaiacha."

Akaokota kipande cha uzi kwenye goti lake ambacho hakikuwepo.

"Ni nzito," akasema.

"Ningekubebea."

"Najua ungenibebea. Ndiyo maana sikuomba." Macho yake yakajaa, akayafuta kwa ukali kama anayefuta doa. "Jumanne wataniuliza kama nilijua. Umefikiria nitajibu nini?"

"Jibu ukweli. Hukujua. Niache mimi nidaiwe. Cherehani yako ipone."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Alionekana kutaka kusema kitu, mdomo ukafunguka, na hapo bakora ikagonga ngazi nyuma yake.

"Fundi," Mzee akasema, "karatasi inasema muishi mbali. Uzio siyo mbali. Wewe, ingia ndani, chai imeiva."

Sindano akaingia. Mlango ulipofungwa Mzee akasogea mpaka kwenye uzio, akashusha sauti.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia. Lakini Jumanne akisaini, Baba, nimempoteza. Nakuomba uniachie nifungue mdomo."

"Atasaini, atakuwa salama. Deni ni la pesa tu. Utalipa pole pole, baadaye mtarudiana."

"Watu hawarudi kama mbuzi jioni, Baba. Anadhani nina mwanamke."

Mzee akashika uzio. "Nilisema maneno mazito siku ile ya harusi. Watu walicheka. Wewe mwenyewe ulikuwepo. Leo nimwambie kwamba asubuhi nikiamka nikaona mwanga, ni wa mkono wako? Nitamtazamaje?"

"Kwa macho hayo hayo, Baba."

Sikumaanisha kumpiga, lakini lilimpiga. Akaachia uzio, akageuka, akapanda ngazi moja moja bila kupapasa. Niliziona hatua zake. Hazikukosea hata moja.

*

Jumanne nilifika ofisini kabla hawajafungua. Nilinyoa, nikavaa shati lenye vifungo vyote. Ndani kulikuwa na mabenchi mawili marefu yanayotazamana, kaunta yenye kioo kilichopasuka pembeni, na feni inayozunguka kama inalazimishwa. Wao watatu wakakaa benchi la kule: Shangazi, Sindano, Mzee. Mimi nikakaa hili, peke yangu. Katikati yetu watu walipita na mafaili, nami namwona Sindano, simwoni, namwona. Kila nilipomwona alikuwa anaangalia ukosi wangu.

Wakaita namba yetu. Tukasimama wote wanne.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Aliivaa, akasoma ritani zetu mbili, akaweka tamko juu yake.

"Bibi ndiye anayeomba kuondolewa kwenye deni?"

"Ndiye," Shangazi akajibu.

"Swali langu ni moja, bibi. Jibu lako naliandika, ukishasaini halifutwi. Wakati unasaini ritani hizi, ulijua kwamba mumeo ana pato ambalo halikuandikwa?"

"Hakujua," Shangazi akasema. "Atajuaje? Huyu anaficha mpaka kivuli chake."

Ofisa akainua macho juu ya miwani. "Mama, aliyeolewa na huyu bwana ni wewe?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi mwache aliyeolewa naye ajibu."

Watu kwenye foleni wakacheka. Sindano hakucheka. Alikuwa ameshika kalamu ya ofisa. Mimi mguu wangu ulianza kucheza, nikaubana kwa mwingine. Nikamwashiria kwa kichwa: saini. Nilikuwa namaanisha. Nilitaka apone, hata kama kupona kwake ni kuniacha.

"Nilijua," Sindano akasema.

Feni ikazunguka mara moja, mara mbili.

"Umesemaje?" ofisa akauliza.

"Nilijua. Hati za kiwanda cha mikate ziko kwenye msumari nyuma ya kalenda. Ishirini na nne. Nilikuwa nazihesabu kila mwisho wa mwezi, nazirudisha kama zilivyokuwa." Akanigeukia, na sauti yake ikapanda. "Mimi napangusa mpaka miguu ya meza! Ulidhani kwa nini siigusi kalenda? Kalenda ya mwaka juzi, haitolewi ukutani, na yenyewe ina picha ya mkate! Gramu, wewe ni mwizi wa aina gani?"

Foleni yote ilicheka, hata mlinzi. Mimi sikuweza.

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa ungenijibu."

Hapo kicheko kikakatika.

"Niliogopa utataja jina la mtu," akaendelea, pole pole sasa. "Nikaona bora nisijue. Nikajumlisha hati za msumari wa kwanza, nikachomeka pini, ukasaini, nikasaini. Mara mbili nimesaini uongo kwa kunyamaza. Leo wananitaka nisaini wa tatu kwa kalamu. Huo siuwezi."

"Mwanangu, umerogwa?" Shangazi akamshika mkono. "Hata kama ulijua, nani ataona ndani ya kichwa chako? Saini!"

"Shangazi, niache."

"Bibi, uelewe unachosema," ofisa akamwambia, si kwa ukali. "Ukiwa ulijua, tamko hili halikufai. Deni linabaki la wote wawili. Zana za bwana na cherehani yako, vyote vipo kwenye orodha."

"Naelewa. Wakija waichukue wakiwa wamenikuta nyumbani kwangu. Huyu ni mume wangu. Nitamwadhibu mwenyewe, siyo kwa fomu."

Akaweka kalamu chini. Akanisogelea mpaka nikaona mshono mdogo kwenye nyusi yake, alipojikata utotoni, ambao miaka kumi na moja naubusu kila anapopatwa na homa.

"Mimi nimesema langu mbele ya watu wote hawa," akasema. "Sasa na wewe sema lako. Huyo mwanamke ni nani?"

Nikafungua mdomo. Niliapa mchana ule kwenye kreti, na neno langu ndilo cheti changu pekee. Na mbele yangu kulikuwa na mwanamke ambaye ametoka kutupa cherehani yake kwa ajili yangu bila hata kujua pesa ilikwenda kwa nani. Nikamtazama Mzee. Sikumwomba. Nilimtazama tu.

Mzee alikuwa ametazama sakafu. Bakora ilikuwa inagonga vigae, haraka haraka, kama mtu anayesubiri kengele ya shule. Kisha ikaacha.

"Ni mimi," akasema.

"Baba?"

"Huyo mwanamke ni mimi."

"Kaka, umekula nini asubuhi?" Shangazi akaruka. "Chai ile niliipika mwenyewe!"

"Nyamaza, dada. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu kusimama na kusema ukweli, na hapa nimekaa." Akavua kofia. "Pensheni haikunilipia kliniki. Nilidanganya. Fundi ndiye aliyelipa, macho yote mawili, kila mwezi, miezi ishirini na minne. Nikamwapisha asikwambie. Nilimdharau siku ya harusi yako, na nilipokuwa kipofu nikaenda kumpapasa mlangoni kwake. Nilipopona nikamkodolea macho."

Sindano alimtazama baba yake, akanitazama, akamtazama tena, kama anayepima nguo mbili kama zimetoka kwenye kitambaa kimoja. Kisha akampiga baba yake begani kwa ngumi, kidogo tu, na papo hapo akamkumbatia. Mzee akaanza kulia. Machozi yalitiririka vizuri kabisa, kulia na kushoto. Nikaona basi, pesa yangu haikupotea. Macho yanafanya kazi zote.

Mimi alinipiga zaidi. Kifuani, mara mbili.

"Miaka miwili nimemwonea wivu mwanamke ambaye ni baba yangu!"

"Niliapa, Sindano."

"Ungeapa na kwangu basi! Mimi hukuniapia?"

"Nilikuapia."

"Bado sijakusamehe."

"Najua."

"Nitakwambia siku nikikusamehe. Usiulize ulize."

Lakini mkono aliokuwa amenipigia ulibaki pale pale kifuani, na haukuondoka.

Ofisa alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Wazee wangu, hii ni ofisi ya kodi," akasema mwishowe. Alivuta droo, akatoa fomu nyingine, ndefu. "Hii ni ya kusahihisha ritani. Mnaandika pato lote lililoachwa, mnaomba kulipa kwa mafungu. Mkijisahihisha wenyewe faini huwa inapunguzwa. Siahidi, nasema huwa. Mnasaini wote wawili, hapa na hapa."

Nikachukua kalamu. Kwa mazoea nikatafuta pini kwenye karatasi, nione pa kusaini. Hapakuwa na pini.

Sindano alikuwa ameichomoa kwenye ukosi wake. Hakuichomeka mahali pa saini. Aliishika kwa vidole viwili, akaiweka chini ya neno la kwanza la mstari wa kwanza.

"Soma," akasema.

"Hapa? Foleni hii yote?"

"Soma kwa sauti. Na mimi nasoma na wewe."

"Jamani, wengine tuna kazi!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Waacheni," Mzee akasema kwa ile sauti yake ya darasani, akasimama kati yetu na foleni, bakora mkononi.

Mimi si msomaji mzuri. Maneno ya serikali ni marefu, yananikwama. Lakini pini ilitembea polepole chini yake, na mimi nikaifuata, sisi tuliotajwa hapa chini, mume na mke, tunatamka kwamba tumesoma na tunafahamu, na bega lake likaegemea langu, na nilipofika katikati ya mstari wa tatu nikatambua kwamba mguu wangu umetulia.

"Umeruka neno," Sindano akasema.

Akarudisha pini mwanzo. Nikaanza upya.